Watu Wawili wa Mwezini

Zakaria tulimzika Korogwe asubuhi yenye manyunyu, na jioni yake sikurudi Handeni. Wanawe walisema mzee wa umri wangu hapandi basi akiwa hajala, wakanikalisha sebuleni kwa mama yao karibu na dirisha. Watu wazima walikuwa nje chini ya turubai. Ndani, wajukuu walikuwa wamewasha televisheni na kupunguza sauti, kama watoto wafanyavyo wanapochoka kuhuzunika. Ilikuwa sehemu moja ya tamthilia ya kigeni, mambo ya anga za mbali. Mwanamke mwenye sare nyekundu na mwanamume mwenye sare ya kijivu, askari wa pande mbili zinazopigana, walikuwa wamekwama ndani ya chombo kibovu na hewa inapungua. Mmoja anajua njia, mwingine ameshika ufunguo wa mtambo. Neema, mjukuu mkubwa wa marehemu, aliniuliza kama nadhani wataaminiana. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema ni lazima waaminiane, la sivyo hadithi itakwisha sasa hivi na muda wake bado upo. Wadogo zake wakacheka. Mimi nilijikuta nimeshika mikono ya kiti kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimewahi kusimama ndani ya hadithi ya namna ile pamoja na babu yao, kabla ya televisheni kufika nchi hii. Tulikuwa tumevaa magunia ya unga. Na miongoni mwa watazamaji walikuwapo watu waliokusudia kumvunja mmoja wetu miguu, na hatukujua ni yupi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba kuelekea hamsini na nane. Nilikuwa kijana, msaidizi wa fundi wa mitambo katika shamba moja la mkonge nje ya Korogwe, upande ambao ukiinua macho unaiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Niliishi kambini katika chumba cha mabati ambacho mchana kilikuwa tanuri na alfajiri kilitona umande. Kulikuwa na vitanda viwili vya kamba. Kimoja changu, na kingine cha Athumani, mkata mkonge, mtu mcheshi aliyeweza kuongea tangu tunapowasha jiko hadi tunapolamba vidole. Mwaka ule Athumani hakuwapo tena. Kulikuwa na mgomo, kazi ya siku ilikuwa imeongezwa na watu wakakataa kuingia shambani. Mgomo ukavunjika polisi walipokuja. Kisha asubuhi moja wanaume kadhaa, wale hasa waliokuwa wakisema kwenye mikutano, walipakiwa kwenye lori pamoja na vyombo vyao na kushushwa stesheni ya Korogwe, wakakatazwa kurudi. Athumani alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mke na mtoto mchanga waliokuja kumtembelea kutoka kwao, wakashushwa naye, na yule mtoto alishikwa na homa palepale stesheni, hakupona. Habari hiyo ilifika kambini kabla ya giza. Tangu siku ile hapakuwa na mazungumzo mengine kambini ila moja, kwamba kuna mtu aliyepeleka majina ofisini.

Mimi nilimjua mtu huyo, au nilidhani namjua. Zakaria alikuwa karani wa mizani, mrefu, mwembamba, mtu wa milimani aliyesema polepole kama anayechagua mchele. Siku zote za mgomo aliingia kazini, na kila mtu alimwona akipita katikati ya askari na kalamu sikioni. Meza yake ilikuwa mbele ya mlango wa ofisi. Nani mwingine angepeleka majina? Baada ya Athumani kuondolewa nilimfuata mizanini tukashikana mashati mbele ya watu, mnyapara akatuachanisha kwa fimbo. Tangu hapo nikimwona anakuja njia moja nami nilivuka upande wa pili, naye hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Mimi nilikuwa nimehudhuria kila mkutano. Nilikaa bega kwa bega na Athumani. Wote waliokaa karibu naye waliondolewa, isipokuwa mimi. Baadaye sana nilisikia kwamba fundi wangu, Kalasinga mmoja mkali, alikwenda kumwambia meneja kwamba wakimchukua msaidizi wake pampu izimwe na mkonge uoze. Wakati ule sikujua hilo, na wala kambi haikujua. Walichokiona ni kwamba Rajabu amebaki. Jikoni, nilipokaa na bakuli langu la ugali na maharage, watu waliokuwa karibu walimaliza kula haraka. Nilikuwa nikisikia kicheko kwenye chumba cha jirani, nikigonga ukuta kuomba chumvi, kicheko kinakoma. Mtu mmoja alinipa chumvi ile bila kunitazama. Nikajua kwamba kama kuna nusu ya kambi inayomchukia Zakaria, nusu nyingine inanichukia mimi.

Ndipo zilipokuja habari za Warusi. Palikuwa na redio moja kwenye ukumbi wa wafanyakazi, na Mwalimu Benedikto, aliyefundisha watu wazima kusoma nyakati za jioni, alituita tusikilize kwamba Warusi wamerusha kitu angani na kinaizunguka dunia kama mwezi mdogo. Wazee waliguna. Mwalimu hakulala. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyesoma kila karatasi iliyofungiwa sukari, na wiki chache baadaye akaja na mchezo alioutunga mwenyewe. Ulihusu siku ambazo watu watasafiri hadi mwezini. Mataifa mawili yanapigana, vyombo vyao vinagongana huko juu, na wanasalia watu wawili tu, mmoja wa kila upande, katika nchi isiyo na maji wala upepo. Mmoja ana debe la hewa. Mwingine ndiye pekee anayejua kutengeneza chombo. Inawabidi wafungane kwa mpira mmoja wa kupumulia na kutembea pamoja, na kila mmoja anangoja nafasi ya kumwua mwenzake. Mwalimu alisema mchezo huo utapelekwa Handeni, kwenye maonyesho ya kilimo, mbele ya maofisa na wakulima wa wilaya nzima. Alihitaji watu wawili wanaoweza kusoma vizuri na kushika maneno mengi kichwani. Kambini tulikuwa wawili.

Nilikataa, na Zakaria naye nadhani alikataa kwa sababu tuliitwa ofisini pamoja. Meneja alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo. Alisema kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba amesikia sisi wawili tuna fitina, na fitina ndiyo iliyomletea mgomo. Sasa tutacheza mchezo wa Mwalimu, kambi ituone, yaishe. Hakutisha. Aliuliza tu, kana kwamba anauliza hali ya hewa, kama mmoja wetu ana sehemu nyingine ya kwenda kufanya kazi. Zakaria alikuwa na mke, Raheli, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye wakati ule alikuwa bado akipelekwa hospitali ya shamba kila asubuhi. Akasema ndiyo bwana. Mimi nikasema ndiyo bwana. Tulipotoka, watu wa mizani walituangalia tukishuka ngazi ileile ya ofisi kwa pamoja. Nilijua jambo hilo litasemwaje jioni.

Mazoezi yalikuwa ukumbini baada ya kazi, jua likiwa bado linaingia kwa upande. Ulikuwa ukumbi uleule tulimofanyia mikutano ya mgomo, na nilipoingia nilitazama bila kutaka pale kwenye benchi alipokuwa akikaa Athumani. Raheli alitushonea mavazi ya magunia. Vichwani tulivaa vibuyu vikubwa vilivyokatwa dirisha mbele, hata sauti yako ikakurudia masikioni. Debe la mafuta ya taa lilikuwa hewa, na mpira ulikuwa kipande cha mpira wa pampu nilichokiomba kwa fundi. Mwalimu alitufunga nao kiuno kwa kiuno, na kila tulipojaribu kukaa mbalimbali mpira ulituvuta. Mwanzoni tulisema maneno yetu tukitazama ukuta. Mwalimu alikasirika akasema watu wanaochukiana hutazamana kuliko wapenzi. Basi tukatazamana. Nilikuwa sijawahi kumtazama Zakaria kwa karibu namna ile. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, naye pia alikuwa akishtuka mlango ulipogongwa na upepo, na nilishangaa kuona hivyo, kwa sababu nilidhani mtu aliyelindwa na ofisi analala vizuri. Sasa ninapokumbuka naona kwamba ule ndio ulikuwa mwanzo, ingawa siku ile nilifurahi tu kuona kwamba anaogopa.

Kambi ilikuwa inachungulia madirishani. Haikupita muda tukapewa jina. Wa mwezini. Mtu akiniita mimi, wa mwezini. Akimtaja Zakaria, wa mwezini. Nililisikia jina hilo kwa uzito wake mchana mmoja nilipokuwa nyuma ya tangi la maji la korona, ule mtambo wa kusagia mkonge, nikikaza bomba. Mtambo ulikuwa umesimamishwa kwa chakula. Upande wa pili wa tangi walikuja kunawa watu wawili au watatu, na nikaitambua sauti ya Kasimu, kaka yake Athumani. Kasimu alikuwa mkata mkonge, mtu wa maneno machache, na tangu kifo cha mtoto wa mdogo wake yalipungua zaidi. Mmoja aliuliza kama ni kambini au wapi. Kasimu akasema kambini hapana, kuna macho mengi. Akasema, "Yule wa mwezini, tukimpeleka Handeni, hatarudi kwa miguu yake." Mwingine akacheka kidogo. Maji yakaendelea kumwagika, kisha wakaondoka. Nilibaki nimeshika spana, siwezi kuikaza wala kuiachia. Nilikuwa nikiwaza neno moja tu. Yule. Hakusema wale, alisema yule.

Siku ile na iliyofuata nililipima neno hilo kila upande. Kama ni Zakaria, basi wanafanya nilichowahi kukitamani, na kazi yangu ni kunyamaza. Kama ni mimi, nani atanisaidia? Sikuweza kwenda polisi. Mtu anayeonekana akiingia polisi mwaka ule alikuwa amekwisha kujihukumu. Sikuweza kumwambia Mwalimu, kwa sababu Mwalimu angeahirisha safari na kueleza sababu kwa kila mtu. Sikuweza kuacha kwenda, kwani mwenye hatia ndiye anayekimbia. Mwishowe niliona kwamba kuna mtu mmoja tu duniani aliye katika hali kama yangu, na huyo ndiye nisiyetaka kusema naye. Nilimwambia tukiwa ndani ya mchezo, kwa sababu ndipo mahali pekee tulipoweza kukaribiana bila mtu kujiuliza tunanong'ona nini. Kulikuwa na sehemu ambapo wawili hao wanalala chini kungoja dhoruba ya vumbi ipite, na vibuyu vyetu vilikuwa vinagusana. Nikamweleza kwa sauti ya chini niliyoyasikia.

"Ni mimi au ni wewe?" aliuliza.

"Hawakusema."

Mwalimu akauliza kutoka kwenye benchi kama Zakaria amesahau maneno. Zakaria akajibu hapana, Mwalimu, akainuka, akayasema maneno yake yote bila kukosea hata moja. Lakini tulipokuwa tunafunguliwa mpira aliniambia, bila kugeuza uso, kwamba siku hiyo Handeni tusiachane. Kama wanamtaka mmoja, watashindwa kumtenga. Nilikubali kwa kichwa. Hapakuwa na upendo katika makubaliano yale. Bado niliamini kwamba ndiye aliyemfukuzisha Athumani, na yeye, kama alivyoniambia baadaye, alijua kwamba ninaamini hivyo.

Tulisafiri na lori la shamba mapema asubuhi, watu wamejaa nyuma, wanaimba. Kasimu alikaa kwenye kona, kofia usoni, na wenziwe wawili kando yake. Raheli alikuwa ametufungia mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba, tukaila tukiwa tumekaa goti kwa goti, na sidhani kama yeyote kati yetu aliisikia ladha. Handeni watu walikuwa wengi. Palikuwa na mahindi yaliyofungwa mafungu, mbuzi waliooshwa, wazee wa Kizigua wamekaa mbele na maofisa wakiwa kwenye viti vyenye kivuli. Jukwaa lilikuwa meza zilizounganishwa, na nyuma yake kulining'inizwa kaniki kama pazia, ambako wachezaji hutokea na kutokomea. Mwalimu alimwaga chokaa juu ya meza ili iwe ardhi ya mwezi. Tulipopanda, watu walicheka kwa kuona vibuyu, kisha wakanyamaza. Ninakumbuka ukimya ule. Zakaria aliposema kwamba amebakiwa na hewa ya kutosha mtu mmoja, bibi mmoja wa mbele alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani, kwamba wagawane tu. Nilitazama nyuma kidogo, na kati ya kaniki mbili, pale tulipotakiwa kutokea mwisho wa mchezo, nikaona viatu. Jozi tatu. Pembeni mwa kimoja kulikuwa na ncha ya mpini wa jembe imekita chini.

Nikauvuta mpira. Zakaria alitazama nilipotazama. Katika maandishi ya Mwalimu, wawili hao wanatengeneza chombo na kuingia ndani yake, yaani nyuma ya pazia. Zakaria akasema maneno ambayo hayakuandikwa na mtu. Alisema chombo hakitengenezeki, tutashuka kwa miguu. Akatelemka jukwaani mbele ya watu, nami nikavutwa nyuma yake. Tulipita katikati ya wazee, katikati ya watoto waliotushika magunia, kando ya viti vya maofisa, tukiendelea kuambiana kwamba dunia si mbali, ninaiona, ile pale, shika mpira. Watu walisimama wakipiga makofi. Sauti ya Mwalimu ilisikika nyuma ikituita, kwanza kwa mshangao na kisha kwa uchungu, maana tulikuwa tumemharibia mwisho. Hatukugeuka. Tulipita sokoni tukiwa bado tumefungwa, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, mpaka muuza nyama mmoja alipotukata kwa kisu chake huku akicheka sana. Tulivua vibuyu tukavitupa. Kurudi kwenye lori ilikuwa kurudi mikononi mwao, basi tukashika barabara kwa miguu kuelekea Misima, ambako nilikuwa na shangazi.

Njiani tulizungumza kidogo. Zakaria alisema, bila mimi kumwuliza, kwamba siku za mgomo mtoto wake alikuwa amelazwa, mdogo kama ngumi, na aliambiwa kwamba anayegoma aondoe na wagonjwa wake. Nilimwamini kuhusu hilo. Nilitembea nikifikiri kwamba kuliamini hilo si kuamini mengine, na kwamba tukifika Misima kila mtu ataendelea na njia yake. Jua lilikuwa limeshuka kwenye vichaka walipotukuta kwenye korongo kavu. Walikuwa wamepita njia ya mkato porini. Kasimu alikuwa mbele, anahema, mpini wa jembe mkononi, na usoni mwake sikuona hasira niliyoitarajia. Niliona mtu aliyechoka sana.

"Rajabu," akasema, "wewe umelala chumba kimoja na mdogo wangu. Sina haja na wewe kama si wewe. Niambie kwamba ni huyu, uende zako."

Sentensi ile niliijua. Nilikuwa nimeisema peke yangu mwaka mzima, nikiwasha jiko, nikikaza bomba, nikitazama kitanda kitupu. Ilikuwa tayari mdomoni. Zakaria hakunitazama kuniomba. Alikuwa anatazama viatu vyake, vyeupe kwa chokaa.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nadhani. Lakini sijui, Kasimu."

Akamgeukia Zakaria akamwuliza swali lilelile juu yangu. Nusu ya kambi ilikuwa imekwisha kunihukumu na Zakaria alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Alisema kwamba siku zile zote alikaa mbele ya mlango wa ofisi, na hakuniona mimi nikiingia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisafisha, na mtu huyo alikuwa yeye. Kasimu akasogea hatua.

"Basi aliyeingia ulimwona."

"Nilimwona."

"Ni nani?"

Zakaria akainua macho. "Nikikutajia jina hapa," akasema, "ndipo nitakuwa yule unayemtafuta."

Sijui kama Kasimu aliyasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi. Mpini ulipanda. Pigo la kwanza Zakaria alilikinga kwa mkono wa kulia, nikasikia mfupa, na la pili nilikuwa nimekwisha kuingia katikati, likanipata upande wa kichwa. Dunia ikajaa mlio kama wa korona. Nilipofumbua macho Kasimu alikuwa amekaa chini mchangani, mpini umelala mbali naye, analia kwa sauti kama mtu anayekohoa, akilitaja jina la yule mtoto wa stesheni. Wenziwe walikuwa wanamshika mabega kumwinua. Mmoja wao alitutazama akaniuliza kama tunaweza kutembea. Nikamwambia tunaweza. Wakaondoka naye wakimwongoza kama kipofu.

Yaliyotokea baadaye naweza kuyasema kwa maneno machache. Hatukumshtaki mtu. Kasimu alimfuata mdogo wake Kabuku, ambako Athumani alikuwa amepata kazi, na nilimkuta huko miaka ya uhuru, tukasalimiana, akaniuliza hali ya sikio langu, kwani la kushoto halikusikia tena. Mimi sikurudi shambani. Nilikwenda Mkata, hukohuko wilaya ya Handeni, nikalima mahindi na mihogo, na mpaka leo ninageuza shingo ili nimsikie mtu. Zakaria alimchukua Raheli na mtoto, wakakaa milimani mpaka mkono ulipounga, umepinda, kisha wakafungua duka la nguo Korogwe. Mwalimu Benedikto hakutusamehe. Watu huniambia kwamba mimi na Zakaria tulikuwa marafiki wakubwa. Sina hakika. Tulitembeleana kila mwaka, tukikaa muda mrefu bila kusema, na wake zetu wakitushangaa. Jina lile hakulitaja kwa mtu yeyote. Wakati mwingine, mtu fulani wa zamani akipita barabarani, nilimchungulia Zakaria usoni kuona kama patabadilika kitu, na kila mara uso wake ulibaki vilevile.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata, nyumbani kwa shangazi Misima. Alitupokea bila maswali, akafunga mkono wa Zakaria kwa vijiti na kanga, akaniwekea kitambaa cha maji moto sikioni. Kulipokucha alitandika mkeka uani, kwenye kivuli cha nyumba, akaleta ugali wa muhogo wenye mvuke na bakuli la mlenda. Mkono wa kulia wa Zakaria ulikuwa umefungwa kifuani. Akautazama wa kushoto, akautazama ugali, akaona aibu kuupeleka kwenye sahani moja nami nyumbani kwa watu, akasema hana njaa. Shangazi alisema hapa hakuna mgeni asiye na njaa, akaingia ndani. Basi nikakata tonge, nikalichovya, nikampelekea mdomoni. Alisita, akala. Nikala langu, nikakata jingine. Tulikula hivyo kwa muda, kuku wakizunguka mkeka, mimi nikimlisha mtu niliyemchukia mwaka mzima na sikio langu likinilia. Nilipofika karibu na mwisho wa sahani nilimwuliza kwa sauti ndogo, tukiwa wawili tu, aliyeingia ofisini alikuwa nani.

Zakaria akanitazama, akafungua kinywa. Niliinama nimsikie kwa sikio lililobaki. Alikuwa anangoja tonge.